Saa Isiyo na Uso

Theluji ya Machi ilikuwa imepanda hadi dirishani
siku waliponiwekea mezani daraja la kwanza,
kipande cha chuma kipana kama ukucha wa mtoto,
wakasema: Ghislaine, ondoa.
Niondoe nini?
Kila kisichobeba kitu.

Nikaketi.
Msumeno wangu ni uzi wenye meno;
ukikohoa, umekatika.
Nilikata baada ya pigo moja la moyo, kabla ya lile la pili,
na katika mwanya huo
sikuwa mke wa mtu wala mama wa mtu.

Jirani yangu wa benchi, Ulysse Reymond,
alitoboa madaraja miaka kumi na tisa,
kisha akaacha, akaenda kuendesha gari la kuzoa theluji.
"Kule," aliniambia, "ninachokiondoa
hurudi usiku uleule.
Hapa kosa halirudi nyuma."
Nikamcheka. Siku hiyohiyo nikakosea pembe moja.
Kazi ya wiki tatu, kopo la taka.

Wanaiita saa ya anasa. Sawa.
Anasa yake ni bua la jentiana,
ua la manjano la malishoni juu ya bonde letu la Joux,
ng'ombe hawaligusi kwa uchungu wake.
Twalikata vuli, twalikausha darini,
twalichonga ncha,
na kwa ncha hiyo naisugua kingo ya chuma
mpaka nuru iteleze bila kujikwaa.
Kingo mia mbili na kumi na nne.
Nilizihesabu, maana nani mwingine angezihesabu?

Oktoba, akrabu mbili zikafungwa juu ya utupu.
Kamani ikaonekana imejikunja kama mtu aliyelala na baridi,
yakuti nyekundu kama fizi,
gurudumu la mizani likaenda, likarudi, likaenda,
halina haya, halina pazia.
Matumbo yote nje,
na bado hujui inawaza nini.

Novemba akaja mwenyewe, Bwana Aebischer wa Zürich,
viatu vimelowa, sauti ya chini ya watu wenye fedha.
Akataka kuiona mikono iliyoitengeneza.
Nikamwonyesha: gumba limepasuka, kucha fupi, harufu ya mafuta.
Akatikisa kichwa kwa adabu.
Akavua saa yake ya zamani, nzito, uso mweusi mzima,
akavaa hii.

Ilikuwa imesimamishwa saa nne na dakika kumi,
kama zinavyosimamishwa zote zinazosubiri picha.
Nikainama kuitia ufunguo.
Ndipo, kati ya gurudumu la tatu na la nne,
pale nilipotoboa kwa siku kumi na moja,
nikaona ngozi yake. Nywele mbili tatu za mvi.
Na wino.
Tatuu ya nyumbani, ya sindano na wino wa shule,
mkono wa mtoto asiyejua kuchora:
V, R, kisha daraja langu, kisha N, I.

Vreni, nikasoma moyoni,
nikaijazia mwenyewe ile herufi niliyoiziba.

Aliniona nikisoma.
Akavuta mkono wa shati, akaurudisha, akauvuta tena.
"Nyuma," akauliza, "hapawezi kufungwa?"
Panaweza, bwana.
"Kwa dhahabu, labda. Bila nakshi."

Kifuniko hakikunichukua hata nusu saa.
Duara tupu. Nililisugua kwa bua lilelile
kwa kuwa sijui kusugua kwa kingine.
Alipokivaa hakuangalia wakati;
saa ya namna hiyo haisomeki upesi.
Aliangalia chini ya meno ya magurudumu,
aliangalia sana,
kama mtu aliyefunga mlango akakumbuka
ufunguo uko ndani.

Nje lilipita gari la Ulysse
likizoa theluji ya kwanza,
nayo ikianguka nyuma yake.